Intaneti ya ofisini, swichi, na barua ya kujieleza

Najua nimekuwa kimya, wiki mbili nzima. Sijawatupa. Kwanza tesiti tatu ndani ya siku nne, si mnajua tena mwisho wa semista. Halafu kuna kisa kimetokea pale ofisi ya idara yetu, nikajikuta nimo ndani yake kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi, na hicho ndicho ninachotaka kuwasimulia leo. Ni kisa cha intaneti kuwa slo, na kifaa kimoja kinaitwa swichi. Wale wasiopenda mambo ya kompyuta msikimbie, maana kuna mtu kibarua chake kilikaribia kuota nyasi humu ndani.

Kwa ambao hawajasoma chuo, au walisoma zamani wakasahau: kozi moja ina alama 100. Hapa kwetu 40 ni za kazi za darasani, yaani tesiti na asaimenti, na 60 ni za mtihani wa mwisho ambao wote tunauita UE. Usipofikisha 16 kwenye zile 40, UE huingii, unarudia kozi. Sasa kila mwanafunzi akifungua akaunti yake kwenye mfumo wa matokeo anatakiwa azione zile alama kabla ya UE, ili kama kuna tesiti yako imepotea upige kelele mapema. Darasa letu kozi mbili zilikuwa tupu. Kistari tu. Na siku ya mwisho ya kupandisha ilikuwa Ijumaa.

Jumatatu asubuhi nikaenda ofisini, nikakuta foleni mpaka nje kwenye korido. Aliyekuwa anashughulika na zile alama ni katibu muhtasi wa idara, mama mmoja mpole sana ambaye sisi tunamwita Mama Muhtasi tu. Wahadhiri wengine wanaingiza alama wenyewe, lakini wale wa muda wanamwachia karatasi. Yeye anaziingiza, anaziskani zikiwa na sahihi, halafu anapandisha faili zima kwenye mfumo. Faili la darasa letu lilikuwa kama megabaiti 20, kwa sababu tuko wengi na skana ya pale inatoa picha kubwa. Na mfumo una tabia moja mbaya, ukikaa dakika tano bila kumaliza unakutoa nje, unaanza upya.

Nikapiga shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Kale kaduara kalikuwa kanazunguka kwenye skrini. Kakazunguka, kakazunguka, pyaa, kamemtoa nje. "Hii ni mara ya sita tangu asubuhi, mwanangu," akasema. Macho mekundu. Nikadhani ni uchovu wa skrini, kumbe kuna jingine. Chini ya kibodi kulikuwa na karatasi ameiandika nusu kwa mkono, na mimi kwa umbea wangu nikasoma kichwa cha habari: YAH: MAELEZO KUHUSU MATUMIZI MABAYA YA INTANETI.

Basi akanieleza. Intaneti ilianza kuwa mbovu baada ya Pasaka. Wahadhiri wakalalamika. Mmoja wao, Dokta wa siku nyingi pale idarani, akasema kwenye kikao kwamba intaneti inaliwa na mapokezi, kuna mtu anaangalia tamthilia za Kituruki saa za kazi. Mapokezi yuko nani? Ni yeye peke yake. Mkuu wa idara akamwambia aandike barua ya kujieleza. Na mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja, unaisha Juni. "Hata YouTube hapa haifunguki," akaniambia, "hiyo tamthilia ningeiangalia kwa macho gani?"

Hoja nzito kweli, lakini hakuna aliyemuuliza.

Zilikuwepo na nadharia nyingine mbili. Ya kwanza ni ya mkongo. Hapa Tanzania sasa hivi intaneti ikisuasua tu, mtu atakwambia "mkongo umekatika", na siwalaumu, maana tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu huko kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi kadhaa za ukanda wetu zikaonja joto ya jiwe, sisi tukiwa wa mbele kabisa. Nilikuwa nyumbani kipindi hicho, ukituma picha ya WhatsApp unaenda kuchota maji unarudi bado. Kabla ya Seacom kufika Dar es Salaam Julai 2009 nasikia watu walikuwa wanategemea setilaiti na walishazoea. Sisi tumezaliwa karibu na kasi, ikipungua kidogo tunaona kiama. Ila ukiangalia vizuri nadharia ya mkongo haikuingia akilini: simu za wanafunzi kwenye ile foleni zilikuwa zinafanya kazi vizuri tu. Kama ni bahari, kwa nini ichague ofisi moja?

Nadharia ya pili ni ya mfuko. Kwamba kifurushi cha megabiti 50 kimekuwa kidogo, tununue cha 100. Dokezo la kuomba hela lilishaandikwa na kusainiwa. Idara ambayo inadaiwa rimu za karatasi, jamani.

Sasa mimi nimetokea wapi. Nasomea ualimu wa fizikia na hesabu, sio IT. Lakini likizo zote tangu kidato cha tano nimekuwa nakaa steshenari ya mjomba wangu Makambako, ana kompyuta sita, anafanya maombi ya vyuo na ya mkopo kwa watu. Msimu wa maombi intaneti ikilala siku moja ni hasara ya mwezi. Mjomba hajasoma mambo haya popote, ila ana kanuni moja: usipige simu kwa kampuni kabla hujapima mdomoni. Mdomoni maana yake pale intaneti inapoingilia jengoni, kabla haijapita kwenye kitu chako chochote. Ukipima pale ukakuta ni nzuri, kampuni haina kosa, tafuta ndani. Ukikuta mbaya, piga simu.

Nikamwomba Mama Muhtasi nikae kwenye kompyuta yake dakika kumi. Nikafunga kila kitu, nikafungua ile Task Manager kuona nani anatumia mtandao. Hakuna kitu, mstari umelala chini kabisa. Nikapima kasi: kushusha megabiti 3.1, kupandisha 0.4. Kifurushi ni 50! Nikaiping ruta, pakiti mia, zote zikarudi, milisekunde moja. Hapo ndo mahali watu wengi wanadanganyika. Mama Muhtasi akaniambia hata kijana wa kitengo cha TEHAMA alipima hivyo hivyo wiki iliyopita akasema mtandao uko salama, zimeni muwashe. Wakazima, wakawasha. Wamezima na kuwasha mpaka swichi ya ukutani imelegea.

Fanyeni hesabu na mimi kidogo, ndo kazi niliyoisomea. Megabaiti 20 ni megabiti 160, kwa sababu baiti moja ina biti 8. Gawanya kwa 0.4 unapata sekunde 400, karibu dakika saba. Mfumo unakutoa kwenye dakika ya tano. Kwa hiyo hata angekaa pale mpaka Krismasi, faili la darasa letu lisingepita. Haikuwa suala la bahati wala uvumilivu.

Nikamuuliza ofisi inafungwa saa ngapi. Akasema saa kumi, lakini yeye siku hizi anakaa mpaka kumi na mbili akijaribu. Nikarudi saa kumi na mbili kasoro. Wahadhiri wote wameondoka, milango imefungwa, tumebaki wawili na mlinzi. Kompyuta zote zimezimwa isipokuwa ya kwake. Nikapima tena: 3.0 na 0.4. Nikamwambia, mama, andika namba hizi na saa kwenye hiyo barua yako. Kama intaneti ingekuwa inaliwa na mtu, huyo mtu akiondoka ingepona. Ofisi tupu na ofisi iliyojaa kasi ni ile ile. Akaniangalia kwa muda, halafu akachukua kalamu.

Jumanne fundi wa TEHAMA akaja na ufunguo. Ni kaka mmoja anayejua kazi yake, tatizo wako wawili kwa chuo kizima na wanakimbizwa huku na huku, ndio maana jibu lao la kwanza huwa zima uwashe. Vifaa viko kwenye kabati la chuma ndani ya stoo, katikati ya maboksi ya chaki na vitabu vya majibu vya miaka ya nyuma. Ruta juu, ya kampuni, mpya, inang'aa. Chini yake swichi ya matundu 24, ina vumbi la kuotesha mchicha.

Swichi, sio ile ya taa. Hii ni kisanduku ambacho waya za ofisi zote zinakutana, kompyuta moja ikitaka kuongea na nyingine au na ruta inapitia humo. Zamani kulikuwa na vifaa vinaitwa habu ambavyo vilikuwa vinapiga kelele kwa wote, kila ujumbe unarushwa kwa kila waya, na watu wawili wakiongea kwa pamoja wanagongana. Swichi ya Ethernet ya kwanza kuuzwa ilitoka mwaka 1990, na kampuni ya Kalpana ya Marekani. Akili yake ni kukumbuka nani yuko tundu gani na kumpelekea yeye tu.

"Haya mdogo wangu, unasemaje?" fundi akaniuliza, nusu utani. Nikamwambia kaka, tupime mdomoni.

Akachomeka laptopu yake moja kwa moja kwenye ruta. 47 kushusha, 46 kupandisha. Kampuni safi, mkongo safi, kifurushi kinatosha. Zile nadharia mbili zikafia pale pale, na ile ya tamthilia ilishakufa jana yake saa kumi na mbili.

Kisha tukapima ndani. Hii ilikuwa ni akili yake yeye, mimi nisingeifikiria. Akachukua kompyuta mbili zilizoko kwenye ile swichi, akahamisha faili la megabaiti 700 kutoka moja kwenda nyingine. Sekunde kama kumi, limefika. Kwa hiyo swichi yenyewe nayo nzima! Nje kuzuri, ndani kuzuri. Tukaangaliana. Kilichobaki ni kale kawaya kafupi, hata nusu mita hakafiki, kanakotoka kwenye ruta kuingia kwenye swichi tundu la 24.

Akabadilisha waya. Akaweka mpya kabisa kutoka kwenye mfuko. Tukapima: 3.2. Mama Muhtasi alikuwa amesimama mlangoni, akarudi mezani kwake bila kusema kitu.

Kubadilisha waya halikuwa wazo baya, maana waya wa mtandao una nyuzi nane, jozi nne. Ili upate kasi ya megabiti 1000 jozi zote nne zinahitajika, lakini kasi ya 100 inatumia mbili tu. Uzi mmoja ukikatika kwa ndani, vifaa vingi vinashuka kimya kimya mpaka 100 na taa inaendelea kuwaka kama kawaida. Mjomba ilishamtokea, panya. Lakini hata 100 ni mara mbili ya kifurushi chetu, isingeshuka hadi 3. Kwa hiyo lilikuwa jambo jingine.

Mimi nikawa naangalia taa tu. Matundu kumi na kitu yanawaka kijani. Tundu la 24 linawaka rangi ya chungwa. Nikauliza, kaka, hii mbona rangi yake tofauti? Mama Muhtasi akasema kutoka mezani, "Hiyo ni ya siku zote, nilifikiri imechakaa." Fundi akainama, akafuta vumbi kwa kidole. Kwenye uso wa swichi pameandikwa kwa maandishi ya sisimizi: kijani ni 1000, chungwa ni 10 au 100. (Kila mtengenezaji ana rangi zake, msikariri.) Ruta mpya ina uwezo wa 1000. Swichi ina uwezo wa 1000. Kwa nini wakubaliane 100?

Fundi akakaa kimya kidogo. Halafu akasema "subiri", akachomoa ule waya kutoka tundu la 24 akauchomeka la 23 lililokuwa wazi. Taa ikazima. Ikawaka. Kijani.

Tukapima kwenye kompyuta ya Mama Muhtasi. 46 na 46.

Yule mama hakupiga vigelegele wala nini. Alivuta kiti, akafungua mfumo, akachagua faili letu, akabonyeza. Sekunde nne tano hivi. Neno la kijani likatokea kwamba limepokelewa. Akabonyeza la kozi ya pili. Likapokelewa. Halafu akaanza kulia.

Sasa niwaeleze kilichokuwepo, maana fundi aliingia kwenye mipangilio ya swichi kwa neno la siri lake akatuonyesha, na nikaona hii ni mada tamu kuliko nyingi tunazofundishwa.

Vifaa viwili vikiunganishwa kwa waya vinaanza kwa kusalimiana. Kila kimoja kinasema naweza kasi hizi, na naweza kusema na kusikiliza kwa pamoja, au siwezi. Wanakubaliana kile kikubwa ambacho wote wanakiweza. Utaratibu huu uliwekwa kwenye kiwango cha mwaka 1995, pamoja na Ethernet ya kasi ya 100. Sasa miaka ile ya mwanzo salamu hizo zilikuwa haziaminiki sana, vifaa vya kampuni tofauti vilikuwa havielewani, mafundi wakajenga desturi ya kuziba salamu na kupanga kwa mkono: wewe tundu ni 100, kusema na kusikiliza kwa pamoja, basi. Kifaa cha upande wa pili nacho unakipanga hivyo hivyo. Inafanya kazi vizuri kabisa, ilimradi pande zote mbili zimepangwa sawa. Ni desturi iliyonizidi umri.

Tundu la 24 lilikuwa limepangwa kwa mkono. Nani alilipanga? Fundi anasema ni enzi za ruta ya zamani, nayo ilikuwa imepangwa kwa mkono, zikaishi pamoja miaka kwa amani. Baada ya Pasaka kampuni ikaja kubadilisha ruta, ikaleta hii mpya inayotegemea salamu. Hakuna aliyekumbuka kuiambia swichi.

Ruta mpya ikasalimia, kimya. Ikasikiliza mapigo ya umeme kwenye waya, ikatambua kwamba huyu ni wa 100. Hilo inaweza kulijua bila kuambiwa. Lakini kama mwenzake anaweza kusema na kusikiliza kwa pamoja, hilo haliwezi kujulikana bila salamu. Na kiwango kinasema ukikosa salamu, chukulia kwamba hawezi. Mseme kwa zamu.

Chukueni mfano wa simu ya mkononi na simu ya upepo ya askari. Kwenye simu ya mkononi wote mnaweza kuongea kwa pamoja. Kwenye simu ya upepo mmoja anaongea, anasema ova, ndipo mwingine anaongea. Sasa swichi yetu ilidhani iko kwenye simu ya mkononi, ruta ikadhani iko kwenye simu ya upepo. Ruta inaongea, swichi nayo inaanza kuongea katikati, haina habari. Ruta ikisikia sauti inasema loo, tumegongana, inakata sentensi yake kati na kuitupa. Swichi inapokea nusu sentensi, inaiona imeharibika, nayo inaitupa. Kompyuta zinasubiri, hazijibiwi, zinarudia, zinapunguza mwendo zikidhani barabara ina foleni. Hivyo hivyo siku nzima.

Na ndio maana ping ilikuwa inapita vizuri! Ping ni neno moja dogo, unasema, unanyamaza, unajibiwa. Hakuna kugongana kwa watu wanaoongea hivyo. Faili kubwa ndo balaa, kwa sababu data inakwenda huku na "nimepokea, nimepokea" inarudi kule kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kipimo kilichotumika kusema mtandao mzima ni kile ambacho ugonjwa huu hauonekani kwake. Hapa nikafikiria sana mambo ya upimaji tunayosoma kwenye kozi za elimu, kwamba mtihani unaweza kuwa sahihi kabisa na bado usipime kile unachodhani unapima. Mhadhiri wetu anatoaga mifano ya Bloom weee, mfano wenyewe ulikuwa stoo.

Kwenye ukurasa wa swichi kuna safu ya makosa kwa kila tundu. Matundu mengine sifuri, sifuri, sifuri. La 24 lilikuwa na namba yenye tarakimu saba. Yaani swichi ilikuwa inajua. Tangu Pasaka inahesabu moja moja, na hakuna aliyefungua kuangalia. Fundi akapiga picha ule ukurasa, akarudisha tundu kwenye hali ya kusalimiana yenyewe, akafuta hesabu, akarudisha waya 24. Kijani. Baada ya nusu saa tukaangalia, makosa sifuri.

Nilimwomba ile picha aiweke kwenye ripoti yake. Mwanzoni hakutaka, akasema mdogo wangu kazi imekwisha, ripoti za nini. Nikamwambia kaka, kuna mtu ana barua ya kujieleza pale. Hakuwa anajua. Jumatano akaleta ukurasa mmoja, tarehe, vipimo vya kabla na baada, picha, na sentensi moja kwamba tatizo halikutokana na matumizi ya mtumishi yeyote. Huyo kaka namheshimu kwa sentensi ile kuliko hata kwa kugundua tundu.

Alhamisi Mama Muhtasi aliitwa kwa mkuu. Alipotoka nikamuuliza vipi mama. Akasema ameambiwa barua haina haja tena, aendelee na kazi, na lile dokezo la kifurushi cha 100 limewekwa pembeni. Nikauliza wamekuomba radhi? Akacheka. Akasema ameambiwa "yamekwisha". Mimi hapo sikubaliani. Tuhuma ilisemwa kwenye kikao na ikaingia kwenye muhtasari wa kikao, na muhtasari wenyewe aliuchapa yeye kwa vidole vyake, mpaka lile neno tamthilia. "Yamekwisha" imesemwa mlangoni, hakuna aliyeiandika. Juni wakikaa kuangalia mikataba watasoma kipi? Nimemwambia aombe nakala ya ripoti ya fundi aiweke kwenye faili lake. Amesema ataomba. Nitamkumbusha, maana ni mtu wa kuona aibu kudai.

Dokta wa tamthilia naye alipita mapokezi mchana huo huo, mimi nikiwepo. Hajafurahi bado! Anasema tunalipia 50 na yeye akishusha kitu kompyuta inamwonyesha 5.8, kwa hiyo bado tunaibiwa. Nikamwambia kwa heshima zote, Dokta, kampuni inauza kwa megabiti, kompyuta yako inakuonyesha megabaiti, zidisha kwa 8. Akazidisha. 46.4. Akasema "mm", akachukua barua zake akaondoka. Mama Muhtasi akainamia droo anatafuta kitu ambacho naapa hakikuwepo.

Alama zangu zimetokea, kozi moja 29, nyingine 31. Rumeti wangu kozi moja bado ana kistari, na safari hii sio intaneti, mhadhiri kasahau kumjumlishia tesiti ya pili, kesho tunamfuata wote ofisini kwake kabla hajasafiri. UE ya kwanza ni Jumatatu saa mbili asubuhi, ni mekanika, na sijagusa kitabu. Niombeeni.